Mpango wa Ndege ya Kasese: Pa Kutazama Kwanza

Ukipewa mpango wa safari ya ndege uukague, usianze na njia. Entebbe hadi Kasese ni maili za angani kama 140, chini kidogo ya saa moja kwa Cessna Caravan, na mstari huo hata mwanagenzi wa juzi ataupiga. Anza na uwanja mbadala, yaani pa kutua Kasese ikifungwa.

Mpangaji mvivu huandika Mweya kwa kuwa ni jirani. Lakini Mweya imo katika bonde lile lile la Kasese, na mvua inayoifunga Kasese haikawii kufika huko. Aliyeandika Mbarara, nje ya bonde, amefikiri. Hata wanaopanga safari za kuvuka Atlantiki, Shannon hadi Gander, hupimwa kwa swali hilo: injini moja ikizimika katikati ya maji, patatuliwa wapi, na saa hiyo hali ya hewa ya hapo itakuwaje? Wao wana bahari. Sisi tuna milima ya Rwenzori, na kilele chake cha Margherita cha mita 5,109.

Kisha joto, na hapa usiwe na haraka. Uwanja wa Kasese uko zaidi ya futi 3,100 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, kipimajoto kikisoma 32, hewa huwa nyepesi kama ya karibu futi 6,000: injini hupungukiwa nguvu, mabawa hayashiki vizuri, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Uzito ulioruhusiwa mchana ukiwa ni ule ule wa saa mbili asubuhi, jua karatasi ya jana imenakiliwa. Mimi huachia kusoma hapo.

Mafuta ya kurudi yawe yametoka Entebbe. Akiba ya dakika 30 ni ya kanuni tu. Mpangaji hodari huongeza ya kukwepa mawingu ya alasiri, na yuko radhi kuteremsha mizigo kuliko kupunguza mafuta hayo.

Kukwepa kuelekea wapi, basi? Rubani akikata kusini-magharibi, baada ya dakika chache yuko juu ya mji wa Bwera, na mbele yake ni mpaka wa Mpondwe, mto Lhubiriha, halafu Kongo, ambako hana kibali. Mpango mzuri humwambia mapema: kwepa mashariki, upande wa Ziwa George, Bwera usiivuke. Maneno hayo yasipokuwemo, irudishe karatasi kabla abiria hawajaitwa.