Mahadhi Yale Yale, Wimbo Mwingine

Wako wanaodhani kwamba mahadhi ya wimbo ni chombo kitupu, kiwezacho kupokea maneno yoyote. Watungaji wetu wa taarabu tangu zamani wamechukua mahadhi ya Misri na ya filamu za Kihindi wakayavika maneno ya Kiswahili, na jambo hilo si aibu. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: maneno mapya yaingiapo, ni kipi kinachobaki na ni kipi kinachopotea? Wimbo mmoja mashuhuri wa Ufaransa utatusaidia kulijibu swali hili.

Mwaka 1967 Claude François, mwimbaji wa Kifaransa aliyezaliwa Ismailia nchini Misri, alitoa wimbo uitwao Comme d'habitude, yaani "Kama Kawaida". Mahadhi aliyatunga pamoja na Jacques Revaux, na maneno pamoja na Gilles Thibaut. Maudhui yake ni ya nyumbani. Mwanamume anaamka asubuhi, na mwenziwe hamjali. Anavaa, anatoka, anashinda kutwa akijifanya mchangamfu. Jioni anarudi katika nyumba isiyo na mtu, analala peke yake. Na hata mwenziwe ajapo, wote wawili wanaendelea kuigiza mapenzi. Hakuna ugomvi wala matusi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa taabu hiyo ndiyo wimbo wenyewe.

Tuitazame fani. Mahadhi yanaanza chini, karibu na sauti ya mazungumzo, kisha yanapanda hatua kwa hatua hadi kuwa kilio. Kibwagizo ni kile kile, lakini asubuhi ni taarifa tu, mchana ni kinyago, na usiku ni kidonda. Maneno hayabadiliki, bali uzito wake unazidi. Hiyo ndiyo kazi ya kibwagizo katika utungo ulio bora: kila kirudipo, huongeza. Msikilizaji anatambua kwamba kinachopanda pamoja na mahadhi ni uchungu ambao mhusika anajitahidi kuuficha.

Paul Anka, mwanamuziki wa Kanada, aliusikia wimbo huo akiwa Ufaransa, akapata haki zake, akautungia maneno ya Kiingereza kwa ajili ya Frank Sinatra. Sinatra aliurekodi tarehe 30 Desemba 1968, nao ukatolewa mwaka 1969 kwa jina la My Way, maana yake "Kwa Njia Yangu". Hii si tafsiri hata kidogo. Mke ametoweka, na nyumba imetoweka. Mahali pao amesimama mtu aliyekaribia mwisho wa maisha, anayejivunia kwamba kila jambo alilitenda apendavyo mwenyewe. Mwandishi wa maneno hayo ya uzee alikuwa na umri wa miaka 27, na mwimbaji wake miaka 53. Huko Uingereza wimbo huo ulidumu majuma 75 katika orodha ya nyimbo 40 zilizouzwa zaidi, na hadi leo hupigwa mazishini. Hata Kihispania, katika A mi manera, kilifuata maana ya Kiingereza, si ya Kifaransa. Mtoto wa kambo amerithi nyumba.

Je, Anka alikosea? Tusiharakishe kuhukumu. Mahadhi yanayopanda yanafaa majigambo, na Waswahili tunazijua tungo za kujinaki. Lakini mwenye kujigamba kwetu hutaja matendo: vita alivyopigana, adui aliyemshinda, watu aliowaokoa. Mzee wa Anka hataji tendo hata moja. Anatueleza namna alivyotenda, wala hatuelezi alitenda nini. Ndiyo sababu kila mtu aweza kuuimba wimbo huu kama wake, hata asiyetenda lolote, na hapo ndipo ilipo siri ya umaarufu wake na ya udhaifu wake pia. Kibwagizo chake hakiongezi maana. Huongeza sauti tu. Sinatra mwenyewe, kwa maelezo ya binti yake Tina, hakuupenda, akiuona kuwa wa kujisifu mno.

Linganisha na wimbo wetu wa Taifa. Mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, kwa maneno ya Kixhosa. Sisi tuliyatia maneno ya Kiswahili, na maneno yakawa mengine kwa sehemu kubwa; lakini dua ilibaki dua, na mahadhi hayakuacha kunyenyekea. Hapo lugha imebadilika, dhamira imehifadhiwa.

Basi mwalimu anapowataka wanafunzi wake watunge maneno kwa mahadhi ya kuazima, asitosheke na hesabu ya mizani na vina. Awaulize: mahadhi haya yanapanda wapi na kushuka wapi? Nani anasema, na anamwambia nani? Kibwagizo kinaporudi kinaongeza nini? Mtungaji ana uhuru wa kuiacha dhamira ya kwanza, mradi aweke mahali pake dhamira yenye uzito usiopungua ule. Anka aliutumia uhuru huo akapata sifa duniani kote. Lakini aliyeiacha ilikuwa lulu, na alichoweka mahali pake ni kioo kizuri cha kujitazama.