Kutoka Mgongoni mwa Picha hadi Jalada la Mirathi

Mzee wa Wete, kisiwani Pemba, akikaa barazani atakutajia baba zake saba bila kukwama. Muulize mama wa babu yake alikuwa nani na alitokea wapi, hapo nasaba inakatika. Namna ya kuwapata hao waliokatika ndiyo ninayoichambua hapa, kwa vitu vilivyomo kashani kwanza, kisha kwa karatasi za mahakama.

Picha igeuzwe kabla ya kutazamwa. Uso hufanana na yeyote unayemtaka, ila mgongo una muhuri. Kwetu ipo picha ya mwanamke aliyesimama kando ya kiti, ambayo siku zote imeitwa ya mama yake babu. Nyuma ina muhuri wa Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, na studio hiyo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, miaka mingi baada ya bibi huyo kufariki. Je, si yeye? Bado. Wapiga picha walikuwa wakipiga upya picha kuukuu ili kutoa nakala, na nakala ina dalili zake. Begani mwa bibi unapita mkunjo mweupe, lakini ukipitisha kidole karatasi ni laini, haina mkunjo wowote. Mkunjo ulikuwa kwenye picha ya asili, ukapigwa pamoja na sura. Kanga yake nayo ina jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mtindo wa kanga za zamani kabla herufi za Kilatini hazijashika. Basi muhuri unatupa umri wa karatasi tu. Mwanamke ni wa zamani zaidi.

Barua husaidia zaidi, maana hujipima yenyewe. Chukua iliyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, tarehe 12 Shaaban 1345. Hiyo ni Februari 1927. Usikubali haraka. Stempu iwe na sura ya Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, na thamani yake iwe kwa senti za rupia. Na deni linalotajwa ndani liwe la rupia, kwa sababu Zanzibar ilihamia shilingi mwaka 1936. Ukikuta shilingi katika barua ya 1345 iliyoandikwa Pemba, yaelekea umeshika nakala ya baadaye. Iliyotoka Tanga ni jambo jingine, kwani Tanganyika ilikuwa na shilingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Mapambo yanadanganya kuliko vyote. Riale ya Maria Theresia iliyotiwa kwenye mkufu imeandikwa 1780, na nimesikia watu wakihesabu vizazi kuanzia hapo. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule wa 1780 hata katika karne ya ishirini. Mkufu una thamani yake, lakini mwaka wake uuache.

Vitu hivi vyote vinakupa jina, mahali na miaka ya kukisia. Kwa mizigo hiyo mitatu nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, ukaulize majalada ya mirathi ya Pemba. Mwanahistoria Elisabeth McMahon aliyategemea pamoja na kesi za mahakama katika kitabu chake cha 2013 juu ya utumwa na ukombozi kisiwani humu. Nguvu ya majalada hayo imo katika hesabu. Nasaba inaweza kumruka mwanamke, lakini kadhi hawezi kugawa mali bila kumtaja: mke mwenye watoto ana thumuni yake, mama ana sudusi, binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Lazima waandikwe.

Na kuna la pili, ambalo familia nyingi hulikwepa. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kwa sehemu kubwa ikaiacha ya Pemba. Mashamba yakapanuka huku, na watumwa wengi wakaletwa kuyalima. Amri ya 1897 ilipowapa njia ya kudai uhuru, wengi hawakuwa na baba wa kutajwa kisiwani. Lakini aliyeachwa huru na bwana wake akifa bila warithi wa damu, sheria humpa bwana au ukoo wake urithi kwa njia ya walaa. Dai hilo humlazimu mdai kueleza marehemu alikuwa nani na aliachwa huru na nani. Nyanya ambaye nyumba nzima ilimnyamazia anaweza kupatikana hapo, kwa jina lake, katika madai ya mtu aliyetaka minazi yake mitatu. Mimi naona ni haki yake atajwe, na sisi wajukuu tusione haya kumtaja.

Kabla ya safari, ulizeni wazee jina la shamba kama lilivyoitwa kabla ya ugawaji wa eka tatu uliofuata Mapinduzi ya 1964. Jalada la miaka ya 1920 litakuwa na jina hilo la zamani, na wanaolikumbuka wanazidi kupungua.