Kiganja cha Majivu

Jioni Buigiri, hapa Dodoma, hunukia mbuzi wa kuchoma. Mimi huvutiwa zaidi na asubuhi yake, jiko likiwa limepoa na jirani yangu, mama mtu mzima, akizoa majivu kwa kibati. Hana haraka. Kaa moja lililojificha chini huweza kulala na moto wake hadi kesho, ndiyo maana ndoo yake ni ya bati, na hukaa siku mbili uani kabla hajaigusa tena.

Kisha huchekecha. Chenga za mkaa hurudi jikoni. Mabonge ya mafuta na chumvi hutupwa mbali, maana chumvi haina rafiki kwenye udongo wa huku. Kinachopita kwenye wavu ni unga laini, sehemu kubwa yake chokaa, pamoja na potasiamu ambayo mti uliifyonza miaka yote ya uhai wake. Naitrojeni haimo, ilikwenda na moshi. Mama huyu hajawahi kuyaita majivu mbolea. Mbolea kwake ni samadi ya zizini.

Lakini samadi mbichi haikutanishi na majivu. Ukivichanganya, ile harufu kali inayopanda puani ni naitrojeni inayotoroka. Kwenye shimo la mboji hutandaza mabua ya mtama na uwele, magugu, samadi iliyokwisha kuoza, halafu anarusha kiganja kimoja cha majivu kama anayesia ulezi, na maji kidogo. Tabaka jingine, kiganja kingine. Nimeona bustani iliyomwagiwa ndoo nzima: mchicha uligeuka manjano, kwa kuwa majivu yakizidi udongo huinyima mimea madini ya chuma. Na kule mbugani, ambako kiangazi huacha weupe wa magadi juu ya ardhi, yeye hapeleki hata chembe.

Mvua ya Dodoma ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kabla haijaanza, ndoo huingia ndani, maana majivu yakilowa nje sehemu kubwa ya potasiamu huoshwa. Sehemu ya akiba hiyo huchanganywa na mbegu za kunde. Majivu makavu huwakwaruza na kuwakausha wadudu watoboao punje.

Siku moja nilimwomba kipimo chake, nikakinga kiganja. Akakijaza, akakitazama.

"Mkono wako mkubwa, mwanangu," akasema, akanikunja vidole viwili.