Bwana Maksuudi hakosi kujipenda

Siku hizi ushauri wa kisaikolojia uko kila mahali, na huku kwetu Kengeja unatufikia kwa simu zaidi kuliko kwa vitabu. Wimbo ni mmoja: jipende, waza mema, jiamini. Si vibaya. Lakini mie nikitaka kijana ajifahamu nafsi yake, nampa riwaya ya Mpemba mwenzetu: Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980.

Wengi wetu tuliisoma kama hadithi ya Maimuna, binti aliyefungiwa ndani hata asiijue dunia, kisha akatoroka na kuangukia kwenye ulevi na danguro. Safari hii naomba tumtazame baba yake. Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa, anaheshimiwa mbele za watu. Kwa siri anakimbizana na wanawake. Sasa kwa nini anamfungia binti yake namna ile? Jibu jepesi ni mila. Mie naona jingine: hila za wanaume anazijua kwa kuwa ni zake mwenyewe. Hofu ambayo angepaswa kuwa nayo juu ya nafsi yake kaihamishia kwa mtoto. Wahenga walishasema, nyani haoni kundule.

Ndiyo maana ule ushauri wa "jipende" haumfai. Mwambie Maksuudi ajipende, atakubali papo hapo! Anajipenda, tena anajiamini kupita kiasi. Alichokosa ni jicho la kujitazama.

Na wenzake ndani ya nyumba wamekosa nini? Ruhusa ya kusema. Sisi tukiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo", yaani sina jambo, hata kama usiku mzima hatukulala. Njiani ni adabu nzuri. Ila kwa Maksuudi imegeuka kufuli. Mkewe, Tamima, anashikwa na uchungu, anasaidiwa na Bi Farashuu, mkunga asiyetakiwa na mume, na malipo yake ni kipigo na talaka. Nyumba gani hiyo ambayo hata uchungu wa uzazi unahitaji ruhusa?

Lugha yenyewe haikutunyima maneno. Moyo huvunjika, roho huuma, nafsi husuta. Si kitu kimoja hicho. Mzazi anayemfokea mwanawe kwa kuchelewa kurudi skuli anaweza kujiuliza: hii hasira ni ya kosa la mtoto, au ni nafsi yangu inanisuta kwa mambo yangu mwenyewe? Swali dogo tu, halina gharama, na Maksuudi hajiulizi hata mara moja mpaka maji yamemfika shingoni.

Nina lawama moja kwa mwandishi. Anguko la Maksuudi ni kubwa mno, na msomaji analifurahia. "Amekoma!" tunasema, tunafunga kitabu, roho zimetulia. Lakini Maksuudi wetu wengi hawaanguki hivyo. Wanazeeka na heshima zao, wanakaa barazani, wanatoa nasaha za kulea mabinti. Ningependa riwaya ingetuacha na mmoja wa hao, tusipate pa kucheka.

Basi ukiirudia Utengano, jaribu hili: kila unapomlaani Maksuudi, simama kidogo umtaje mtu mmoja nyumbani kwako anayekujibu "sijambo" kwa sababu anakuogopa.