Bodi Juu ya Boksi

Feni ilizunguka robo mzunguko, ikasita, ikalala. Mpwa wangu akabonyeza kitufe tena: robo mzunguko, kisha kimya. Alikuwa amenunua spea za kompyuta ile moja moja kadiri hela ilivyopatikana, mwezi huu kasha, mwezi ujao RAM, na usiku wa kuamkia Jumapili ndipo alipofunga skrubu ya mwisho. Hadi alfajiri alikuwa amechomoa na kuchomeka kila kitu mara tatu, vitu viwili vitatu kwa mpigo, asijue kipi kilibadilisha nini. Jumatatu tukaipakia kwenye bajaji hadi Kariakoo, kwa fundi ninayemfahamu tangu enzi za skrini za chogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Imewahi kuwaka hata mara moja?"

Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kisha ikagoma, mara nyingi ina kitu kilichokufa. Ambayo haijawaka tangu iundwe huenda haina kilichokufa hata kimoja. Kuna kitu hakijakaa mahali pake. Hizo ni safari mbili tofauti, na fundi aliuliza ya kwake ni ipi kabla hajashika bisibisi.

Akaiwasha mara moja tu, akitazama feni, kisha akachomoa waya ukutani. Mpwa wangu aliona mashine iliyokufa. Fundi alikuwa amepata habari. Kama feni isingetikisika kabisa, angeangalia swichi ya nyuma ya pawa saplai, au vile viwaya vyembamba vya kitufe cha mbele vinavyochomekwa kwenye pini ndogo kama ncha za sindano. Lakini robo mzunguko maana yake umeme umefika, pawa saplai imejaribu, halafu imejizima yenyewe. Pawa saplai nzuri hufanya hivyo ikihisi shoti, ili isiunguze vilivyobaki.

Alianza na hiyo pawa saplai, peke yake. Tangu Intel ilipotoa muundo wa ATX mwaka 1995, kompyuta ya mezani huwashwa kwa bodi mama kuuunganisha waya mmoja, wa kijani, na ardhi. Fundi alifanya kazi hiyo ya bodi kwa kipande cha waya. Nyaya za pawa saplai nyingi za leo ni nyeusi zote, kwa hiyo hakutafuta rangi. Alihesabu pini kwenye kile kichwa cha pini 24 mpaka ya 16. Feni ya pawa saplai ikazunguka. Akaweka mita: volti 12.1, na kiwango kinaruhusu 11.4 hadi 12.6. Akaiweka pembeni, wala hakuishuku tena.

Kisha akabomoa. Kadi ya picha ikatoka, diski ikatoka, feni za kasha, RAM moja kati ya mbili, mwishowe bodi mama yenyewe. Aliipanga kazi ya miezi ya kijana yule juu ya meza, kipande kwa kipande, kwa mikono isiyo na haraka, na kila skrubu akaitia katika kifuniko cha chupa. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Nimewaona wanaobadilisha spea mpaka mashine iwake, mteja alipe. Kwa njia hiyo mpwa wangu angenunua bodi mpya siku ile. Huyu aliipunguza kompyuta hadi kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuishi: bodi juu ya boksi lake la kadibodi, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM. Skrini akaichomeka kwenye bodi yenyewe, kwa kuwa prosesa ile inaweza kutoa picha bila kadi. Akagusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi.

Feni ikazunguka, ikaendelea. Skrini ikabaki giza. Kijana akanyoosha mkono kuizima.

"Iache."

RAM za DDR5, zikiwashwa mara ya kwanza kwenye bodi mpya, hupimwa na kuzoeshwa kasi yake kwanza, na shughuli hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa za giza. Kompyuta nzima nyingi hufumuliwa katika dakika hizo. Fundi alikuwa akitazama taa ndogo pembeni mwa bodi, zinazoonyesha ukaguzi umefika wapi: prosesa, RAM, picha, diski. Taa ya RAM iliwaka muda mrefu, ikazimika, na maandishi yakatokea.

Akarudisha kimoja kimoja, kila mara akichomoa umeme kwanza. RAM ya pili, ikawaka. Diski, ikawaka. Kadi ya picha, ikawaka. Juu ya boksi hapakuwa na ugonjwa wowote, na kitu pekee kilichokuwa hakijaulizwa ni kasha tupu lililokuwa chini ya meza.

Akaliinamisha kwenye mwanga. Bodi mama hukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba ili mgongo wake usiguse bati, na kila kinguzo sharti kiwe chini ya tundu la skrubu. Kimoja kilikuwa kimefungwa mahali ambapo bodi ile haina tundu. Akaigeuza bodi: kwenye mgongo, katikati ya nukta za risasi, palikuwa na mkwaruzo mdogo kama wa ukucha.

Akakitoa kwa plaizi, akamkabidhi kijana bisibisi. "Funga wewe." Akafunga. Ikawaka, na mpwa wangu akaokota mfuniko wa kasha.

"Bado," fundi akasema. "Zima, chomoa, hesabu hadi 30, washa tena."

Walifanya hivyo mara tatu. Feni zote zilikuwa zikizunguka bila kusita, na yeye bado alikuwa ameinamisha sikio.