Kinyago na Uso Wazi: Usawiri wa Mwanamke Mpiganaji katika Kabuki na katika Hadithi ya Mekatilili

1. Utangulizi

Makala haya yanajadili swali moja la usawiri: uso wa mwanamke mpiganaji unapofunikwa katika hadithi ya picha, nguvu zake zinatoka wapi? Swali lenyewe lilizuka darasani. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea kurasa nane alizochora kuhusu Mekatilili wa Menza. Humo Mekatilili amevaa kinyago cheupe, ameshika visu viwili, na anaingia usiku katika kambi ya afisa wa kikoloni ili amuue. Niliandika pembeni kwamba huo ni uigaji wa vibonzo vya kigeni, nikamrudishia kazi yake. Mwanafunzi huyo, ambaye mwenyewe hufunika uso, aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, je, kufunika uso ni jambo geni kwetu?" Sikuwa na jibu. Haya ninayoyaandika ni jaribio la kumjibu.

Suala hili si la darasani tu. Hadithi za picha kwa Kiswahili zina historia yake nchini Kenya. Katika miaka ya 1990 shirika la Sasa Sema la Nairobi lilitoa vitabu vya vibonzo, kikiwemo Abunuwasi cha Gado (1996). Shirika hilo hilo ndilo lililochapisha wasifu wa Mekatilili ulioandikwa na Elizabeth Mugi-Ndua (2000). Baadaye masimulizi ya Shujaa Stories, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yalimchora Mekatilili miongoni mwa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida na kumwita "Wonder Woman" wa Wagiriama. Jina hilo ni la mhusika aliyebuniwa Marekani mwaka 1941. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hakupotoka peke yake: aliifuata njia ambayo wengine walikwisha kuifyeka.

2. Kinyago katika Kabuki

Miongoni mwa kazi zinazomsawiri mwuaji wa kike aliyevaa kinyago, mojawapo iliyo nzito kifani ni mfululizo wa Kabuki wa Mmarekani David Mack, ulioanza kutolewa mwaka 1994. Juzuu ya kwanza, Circle of Blood, imechorwa kwa nyeusi na nyeupe. Zilizofuata zinachanganya rangi, vipande vya picha vilivyobandikwa, na maandishi yanayouzunguka ukurasa. Mandhari ni Japani ya siku zijazo. Shirika la siri liitwalo Noh huwatumia wanawake waliovaa vinyago kuwaua wale wanaovuruga mizani ya mamlaka. Shujaa wetu, Ukiko, ni mmoja wao. Mama yake alikuwa mwanamke wa kabila la Ainu aliyechukuliwa na jeshi la Japani wakati wa vita. Adui aliyemdhulumu mama huyo ndiye aliyemchanja binti usoni neno "kabuki". Basi jina la shujaa ni kovu lake, na kinyago kimekuja kulifunika kovu hilo.

Hapa kuna kinaya kinachostahili kuangaliwa. Katika tamthilia za Kijapani ni Noh inayotumia vinyago. Waigizaji wa kabuki hupaka nyuso zao rangi. Isitoshe, asili ya kabuki yahusishwa na mwanamke, Okuni, mwanzoni mwa karne ya 17, lakini mwaka 1629 wanawake walipigwa marufuku jukwaani. Jina la sanaa iliyoanzishwa na mwanamke mwenye uso ulio wazi linapachikwa kwa mwanamke ambaye dola imemfunika uso. Kwa maoni yangu ufunguo wa mfululizo mzima umo humu: kinyago hiki si chake. Amepewa na wale wanaomtuma, nao wanaweza kukichukua na kumvika mwingine.

Mtiririko wa juzuu unathibitisha usomaji huu. Katika Metamorphosis, Ukiko amefungiwa mahali wanapowekwa mawakala walioharibika, na kinachomwokoa ni vijikaratasi anavyoandikiwa na mfungwa mwenzake, Akemi. Visu havimfai kitu. Katika The Alchemy anaiacha nafsi yake ya zamani. Kwa hiyo hata katika kazi iliyojengwa juu ya kinyago, kinyago ni ugonjwa ambao shujaa hana budi kuupona. Msanii anayechukua kutoka humo kinyago na visu pekee amelisoma jalada, hajakisoma kitabu. Nami niliyeandika "uigaji wa kigeni" bila kuufungua mfululizo wenyewe sikuwa nimelisoma hata jalada.

3. Barakoa, buibui na "ninja"

Turudi sasa kwenye swali la mwanafunzi. Kufunika uso si jambo geni katika upwa huu. Barakoa, neno ambalo tangu 2020 watu wengi wamelijua kwa maana ya kitambaa cha kujikinga na maradhi, lilikuwa jina la vazi la uso la wanawake wa tabaka la juu katika Unguja ya masultani. Kujisitiri kulikuwa alama ya uungwana, na mjakazi hakuwa na haki nayo. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na Kenya mwaka 1907, wanawake wengi wa nasaba ya utumwa walilivaa buibui kama tamko: sisi pia ni waungwana. Katika Malindi, mji uliotajirika katika karne ya 19 kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa, tamko hilo halikuwa dogo.

Leo vijana wa mitaani huliita vazi linaloacha macho tu "ninja". Utani huu umeazimwa kutoka katika filamu, na ndio unaomfanya mchoraji kijana aone kwamba mwuaji wa Kijapani na shangazi yake wamevaa kitu kimoja. Lakini amali ya mavazi hayo mawili ni tofauti. Mwenye kuvaa ninja mtaani hajifichi utambulisho: jirani humjua kwa mwendo, kwa sauti, kwa kiatu, naye humwamkia kwa jina. Sitara hiyo huthibitisha hadhi mbele ya watu wanaomjua aliyeivaa. Kinyago cha shirika la Noh humwondoa aliyekivaa katika ujirani wowote. Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa mwanafunzi lilikuwa na kosa: kitambaa si kigeni. Kigeni ni upweke.

4. Nguvu za Mekatilili

Mnyazi wa Menza alijulikana kwa jina la uzazi: Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Tofauti na Ukiko, jina lake latokana na mwana, na kila anayelitamka anatamka ukoo. Mwaka 1913, utawala wa Kiingereza, kupitia kwa afisa Arthur Champion, ulipowataka Wagiriama watoe vijana wa kufanya kazi na kulipa kodi, Mekatilili alizunguka vijijini akikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya wanawake inayohusishwa na matanga. Watu walikula viapo, wanawake mukushekushe na wanaume fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Masimulizi yanaeleza pia kuwa katika baraza la Champion alileta kuku na vifaranga, akamtaka afisa amnyakue kifaranga mmoja aone mama atafanya nini.

Tuyatazame matendo haya kwa jicho la mchoraji. Ngoma haichezwi na mtu mmoja. Kiapo hakina nguvu bila masikio yanayokisikia. Anayeapa gizani, peke yake, amejisemea tu. Fumbo la kuku lahitaji baraza, na linahitaji mama aonekane kuwa mama. Katika kila tendo, chanzo cha nguvu ni ushahidi wa hadhira. Serikali ililielewa jambo hili. Ilimkamata Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii, mbali na watu waliowajua; na Agosti 1914 iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, yaani ilipavunja mahali pa kukusanyikia. Ukimchora Mekatilili akipenya peke yake kambini na kinyago usoni, unamtendea kwa wino kile ambacho serikali ilimtendea kwa amri: unamtenga na watu wake.

Hoja hii ina matokeo ya kifani. Vibonzo vya shujaa mmoja hupenda fremu inayombana mhusika na kumkuza. Hadithi ya Mekatilili inadai ukurasa ulio kama uwanja wa ngoma, ambamo nyuso ni nyingi na kila uso una mtu wake. Mbinu ya Mack ya kuyazungusha maandishi ukurasani yaweza kufaa hapa kuliko visu vyake: maneno ya kiapo yakiwazunguka wanawake, kama duara la kifudu lenyewe.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba kinyago katika hadithi ya picha ni dai kuhusu chanzo cha nguvu, wala hakiwezi kuchukuliwa kama pambo la vazi. Katika Kabuki dai hilo linatolewa ili livunjwe. Katika hadithi ya Mekatilili linapingana na kila kitu tunachokijua kuhusu matendo yake.

Hata hivyo, sitaki kuifunga milango yote ya mchoraji. Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka Kisii, wakasafiri mamia ya kilomita kurudi nyumbani, katika nchi ambayo kila askari angeweza kuwakamata. Katika safari hiyo kujificha kulikuwa lazima. Mwanafunzi wangu akitaka kuuchora uso uliofunikwa, mahali pake ni hapo, kwa kanga au kwa kiganja cha mkono, kurasa chache, kimya. Kisha wafike Ugiriama, na katika fremu inayofuata mtu amwite kwa jina la mwanawe. Alama niliyompa nimeirekebisha. Kurasa hizo mpya bado nazisubiri.