Mpishi Anayetaka Kujua Mapema

Mpishi anayekuambia upige simu siku tatu kabla ya kuja kula hajivuni. Anapiga hesabu. Sisi wa Nakuru tumezoea hoteli zinazofunguliwa alfajiri, chapati ziko tayari, na mhudumu anakuuliza utakula nini kabla hujavuta kiti. Kwa hiyo tukisikia kuna mkahawa wa Kichina wenye meza mbili tatu tu, usiompokea mtu asiyeagiza, wazo la kwanza ni kwamba pale ni pa mabwanyenye. Huenda bei ni ya mabwanyenye kweli. Lakini ukifuatilia yanayofanyika jikoni kati ya simu yako na sahani ya kwanza, utaona kwamba bila simu hiyo chakula chenyewe hakipo.

Utaratibu huu una ukoo wake. Mwishoni mwa karne ya 19 afisa mmoja wa serikali ya kifalme, Tan Zongjun, mwenyeji wa Nanhai mkoani Guangdong aliyeshika nafasi ya pili katika mtihani wa kifalme wa mwaka 1874, alikuwa akiwakaribisha wakubwa wenzake nyumbani kwake Beijing. Mapishi ya kusini yakakutana na ulimi wa kaskazini, sifa zikaenea. Baadaye mali ikapungua, na mwanawe akaanza kupokea wageni wa kulipa, mle mle nyumbani, kwa kuagiza mapema. Wenye mikono ya jikoni hasa walikuwa wanawake wa nyumba hiyo. Inasimuliwa kwamba aliyelipia karamu alipaswa kumwekea mwenye nyumba kiti chake mezani, ili ionekane bado ni mwaliko, si biashara. Hawakutegemea pilipili wala viungo vikali. Walitumia chumvi, sukari kidogo, na saa nyingi za moto mdogo. Mwaka 1958 wapishi wa mtindo huo walihamia Hoteli ya Beijing, na jina la akina Tan likahamia nao.

Saa hizo nyingi huenda wapi? Chukua supu. Katika mapishi ya Sichuan kuna chakula ambacho mgeni akiletewa anaweza kudhani ametapeliwa: moyo wa kabichi ya Kichina ndani ya bakuli la kitu kinachofanana na maji ya moto. Ukinywa, ni kuku, ni bata, ni nyama iliyokaushwa, vyote kwa pamoja, na hakuna hata tone la mafuta linaloelea juu. Mpishi ameanza na kuku jike mzee, kwa sababu kuku mchanga hana la kusema. Nyama zote zimechemshwa kwanza na kumwagiwa maji ili povu na damu vitoke. Kisha zimerudishwa kwenye sufuria kwa maji mapya na kukaa motoni kwa saa nyingi, huku uso wa maji ukitetemeka tu bila kutokota, maana supu ikitokota mafuta huvunjika na kuchanganyika nayo, ikawa na ukungu usioondoka kirahisi.

Halafu inakuja kazi ninayoiheshimu kuliko madoido yote ya kuchonga karoti iwe ua. Mpishi anaponda kifua cha kuku mpaka kinakuwa uji, anakilainisha kwa supu iliyopoa, anakimimina ndani ya sufuria na kukoroga upande mmoja. Uji ule unatawanyika, unakamata chembe zilizoelea, kisha unaanza kuiva na kupanda juu ukiwa umezibeba. Anauondoa taratibu. Anarudia tena, na pengine tena, hadi ukitazama ndani ya bakuli unaona maua yaliyochorwa chini yake. Nyama ya kuku imetumika kama chujio! Hakuna mkahawa unaoweza kufanya hivyo kwa kubahatisha kwamba leo huenda watu sita wakapita.

Hapa kwetu Bonde la Ufa kuna jambo la ziada. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Kila anayepika maharagwe huku anajua maana yake, hata kama hajawahi kupima. Supu safi haidhuriki, kwa kuwa yenyewe haitaki kutokota. Samaki wa mvuke ndiye anayesumbua. Dakika zinazotajwa katika kitabu kilichoandikwa Guangzhou, mji ulio karibu na usawa wa bahari, zitamwacha akiwa mbichi mfupani. Mpishi wa Kichina anayefanya kazi huku hana budi kujifunza upya saa ya mvuke, na anajifunza kwa kuchoma kijiti karibu na uti wa mgongo na kusikiliza mkono wake.

Na samaki tunaye. Kapu, yule mnene mwenye magamba makubwa na sharubu fupi mdomoni, alionekana mara ya kwanza katika Ziwa Naivasha mwaka 2001, na ndani ya miaka kumi hivi akawa ndiye anayejaza nyavu. Wengi wetu tunamlalamikia kwa mambo mawili: miiba na harufu ya tope. Lakini kule Jinan, mkoani Shandong, kapu wa Mto Manjano ndiye samaki wa karamu, na mafundi wa huko wana dawa ya malalamiko yote mawili.

Kwanza anunuliwe akiwa hai na kuwekwa kwenye maji safi siku moja au mbili ili atapike tope. Hapo tayari umeona kwa nini simu inahitajika. Akishachinjwa, fundi anakata mstari mmoja nyuma ya shavu na mwingine karibu na mkia, anagonga ubavu kwa ubapa wa kisu, na uzi mweupe mwembamba unajitokeza kwenye mkato wa mbele. Anauvuta polepole mpaka utoke mzima, kisha anageuza upande wa pili. Wapishi wa huko wanasema harufu nyingi imo katika uzi huo. Baada ya hapo anakata kila ubavu kwa mshazari hadi mfupani, na kisu kikishagusa mfupa anakilaza na kukisukuma kuelekea kichwani, hivi kwamba minofu inaning'inia vipande vipande. Miiba mingi midogo inakatika humo humo. Chumvi, unga laini, kisha anamshika mkia juu ya karai na kumwagia mafuta ya moto kwa upawa hadi minofu ifunguke na kukauka katika hali hiyo, ndipo anamwachia aingie mzima, kichwa na mkia vikipinda juu. Mchuzi wa siki, sukari, tangawizi na kitunguu saumu unamwagwa dakika ya mwisho. Samaki anafika mezani akilia. Akikaa dakika kumi, ameharibika.

Vitu vingine ni vya polepole zaidi. Majongoo bahari wanaovuliwa pwani yetu, Shimoni, Gazi, Vanga, huchemshwa, hukaushwa na kuuzwa Mashariki ya Mbali, na Waswahili wengi wa pwani hiyo hawawali. Mpishi akiwapokea ni wagumu kama jiwe. Huwaloweka, huwachemsha, huwapasua tumbo na kuwasafisha, huwaloweka tena, siku tatu au zaidi, katika chombo kisicho na chembe ya mafuta, kwa kuwa mafuta huwafanya walegee na kuyeyuka.

Mila ya kusubiri si ngeni kwetu. Nyumba za Wakalenjin za Kuresoi na Molo zina mursik: kibuyu kinasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yanamiminwa, yanafunikwa, yanakaa siku kadhaa. Hakuna mtu anayebisha hodi Kuresoi na kudai mursik iliyoanzwa asubuhi ile.

Basi ukitaka kwenda kula kwa mpishi wa namna hiyo, panga hivi. Mikahawa mingi ya Kichina nchini iko Nairobi, kilomita 160 hivi kutoka Nakuru. Kilimani na Hurlingham utaikuta kwa wingi, na baadhi ina chumba cha faragha chenye meza ya duara. Piga simu, usiulize bei kwanza. Uliza mpishi ametoka mkoa gani, kisha muulize yeye angependa kupika nini. Fundi akiulizwa hivyo hubadilika sauti. Sema idadi kamili ya watu, na uiheshimu: sahani hupangwa kwa vichwa, na binamu wawili wa ziada, ambao kwetu ni baraka, huko ni upungufu wa supu. Ukiwa na wageni Waislamu sema siku hiyo hiyo ya kwanza, kwa sababu nguruwe huwa ndani ya supu, ambako jicho halimwoni. Usione haya: Waislamu wa China, hasa Wahui, wana mapishi yao yasiyo na nguruwe tangu karne nyingi. Taja pia anayedhurika na njugu. Ukiombwa malipo ya awali kwa M-Pesa, toa. Kuku na bata wananunuliwa kwa pesa hizo.

Ukifika usiombe kila kitu kiletwe mara moja. Vya baridi hutangulia, samaki mzima huja kuelekea mwisho, wali au tambi hufunga. Onja ile supu kabla ya kutafuta chumvi.

Na barabara ile ya malori mnaijua. Mkikwama, mpigieni mpishi simu mkiwa bado Gilgil, kabla samaki hajatiwa mafutani.